Bandari Isiyo na Maji: Tabora na Matanga ya Ziwa Tanganyika

Tabora haina ziwa, wala haina mto unaoweza kupitisha jahazi. Msafiri wa zamani aliyetoka hapo kuelekea magharibi alikutana na Malagarasi, akavushwa kwa mitumbwi baada ya kumlipa hongo mwenye kivuko, kisha akaendelea kutembea hadi ufuko wa Ujiji, kama kilomita 400 kutoka alikoanzia. Ndiyo maana wanaosimulia habari za vyombo vya Ziwa Tanganyika huanza Ujiji. Huko ndiko kulikokuwa na mchanga wa kupandishia mashua, mabaharia, soko la samaki na mawese, na nyumba za Waarabu na Waswahili waliokuwa na vyombo vyao. Hawakosei, ila wanaidaka safari ikiwa imekwisha fika katikati. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba katika karne ya 19 aliyetaka kutweka tanga Ziwa Tanganyika alipanga safari yake Tabora, katika mji wa nyumba za tembe uliozungukwa na mashamba, na mara nyingi ni huko Tabora ilikoamuliwa kama tanga lenyewe litatwekwa au halitatwekwa. Fundi alikuwa na kazi yake ufukweni na nahodha alikuwa na yake majini, lakini kabla yao alikuwapo mpagazi, naye ndiye aliyeachwa nje ya historia ya vyombo vya ziwa lile. Nikisema Tabora nina maana ya Unyanyembe kwa jumla: Kazeh walipofikia wageni wa kwanza kutoka Ulaya, Kwihara alikokaa mpelelezi Livingstone, na ikulu ya mtemi iliyokuwa jirani.

Mahali pa kuanzia ni mkataba wa mpagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo ilichukua kama miezi mitatu kufika Unyanyembe, na ilipofika, ilivunjika. Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka pwani walikuwa wamefika kwao; walitua, wakadai ujira wao, wakatawanyika vijijini. Mwenye mali aliyetaka kuendelea mbele alilazimika kuanza upya, kutafuta watu wengine, kupatana nao bei nyingine, kumpata kirangozi wa kuongoza njia na mnyampara wa kusimamia kambi. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine magharibi kwenda Ujiji na ng'ambo hadi Manyema, nyingine kusini-magharibi kwenda Ufipa na kwa Kazembe. Kwa kuwa misafara ilivunjika pale, bidhaa nazo zilikaa pale, na penye bidhaa pana mkopo. Mhindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri na Mwarabu Snay bin Amir al-Harthi walikuwa na maghala Kazeh tangu kabla Mzungu yeyote hajaiona. Mfanyabiashara wa Ujiji aliyetaka vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, masango ya shaba au baruti alivisubiri kutoka mashariki, navyo havikuwa na njia nyingine yenye manufaa ila kupitia Unyanyembe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, amewaeleza watu hawa kuwa wafanyakazi wa kulipwa wenye ujuzi, kanuni na fahari ya kazi yao. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba kwa upande wa ziwa walikuwa pia mlango: hakuna msumari uliofika Ujiji bila bega la mtu kukubali kuubeba.

Ushahidi wa kwanza ni safari ya wapelelezi Richard Burton na John Speke, ambayo kwa haki yote iliharibika kwa sababu ya chombo. Walikuja na boti ya chuma iliyotengenezwa kwa vipande, wakaiita Louisa. Mwanzoni mwa 1857 waliitumia katika mwambao, lakini walipofunga safari ya bara mwezi Juni waliiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kutosha. Waliifikia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kwa sababu ile ile: watu wao walikuwa wamekwenda makwao na wengine walikuwa hawajapatikana. Katika kukaa huko Snay bin Amir aliwafanyia jambo ambalo baharia yeyote analihitaji kabla ya chombo. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann walikuwa wametoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Snay, aliyekuwa amefika Ujiji na Buganda mwenyewe, aliwaambia kwamba hayo ni maziwa mbalimbali: Nyasa kusini, lile la Ujiji magharibi, na jingine kaskazini kubwa kuliko la Ujiji. Kwa maneno mengine, ramani ya majini ilisahihishwa barazani Tabora na mtu aliyekuwa akiuza pembe za ndovu.

Walipofika Ujiji Februari 1858 walitafuta jahazi. Lilikuwapo moja la kutajika, mali ya Sheikh Hamed bin Sulayyim, nalo lilikuwa ng'ambo ya pili, upande wa kisiwa cha Kasenge. Mwezi Machi Speke alivuka kwa mtumbwi kulifuata, akanyeshewa, akapatwa na dhoruba, na mdudu akamwingia sikioni hata akaugua. Sheikh alimkaribisha vizuri, akamwambia kwamba jahazi analo, lakini hawezi kulitoa mpaka arudi kutoka nchi ya Uruwa baada ya miezi mitatu, tena kwa riale 500. Sababu aliyoitoa ndiyo inayonivutia kuliko bei. Watu waliojua kuongoza tanga kubwa walikuwa watumwa wake, na watu hao hao alikuwa akiwahitaji wamchukulie bunduki katika safari ya nchi kavu. Tuitazame hali hiyo kwa makini: jahazi lipo, tanga lipo, upepo upo, wala hakuna aliyekataa kukodisha, kilichokosekana ni mikono, na mikono ilikosekana kwa kuwa msafara wa bara ulikuwa umeishika. Aprili wazungu hao wawili walipanda mitumbwi ya Kannena, jumbe wa pale Ujiji, mkubwa ukiwa na urefu wa futi 60 hivi na yote ikiendeshwa kwa makafi, wakafika Uvira. Wakageuzwa huko kabla ya kuuona Mto Ruzizi, wakirudi na habari ya kuambiwa tu kwamba mto huo unaingia ziwani. Burton alimlaumu Speke kwa kurudi mikono mitupu kutoka Kasenge. Mimi naona lawama ilikuwa na mizizi mirefu zaidi, ilianzia siku Louisa alipoachwa pwani.

Turudi kwenye hesabu, maana bila hesabu mambo haya hubaki hadithi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32 hivi. Kitu chochote kilichotakiwa kuelea Ziwa Tanganyika na ambacho hakikuota kando yake kilipaswa kukatwa kikaingia ndani ya kipimo hicho, au kubebwa na watu wawili kwa mti begani, na kwa watu wawili njia yenyewe ilikuwa adui, kwani ilikuwa njia ya mguu, upana wa mtu mmoja, yenye kona kila baada ya hatua chache. Mpelelezi Stanley alilijua hilo alipoagiza boti yake, Lady Alice, itengenezwe Uingereza mwaka 1874: futi 40 urefu, futi 6 upana, vipande vitano. Alipoipima Unguja akakuta vipande vinne vina ratili 280 kila kimoja, na cha tano kimezidi. Ratili 280 ni frasila nane, mzigo wa watu wanne ulioganda katika kipande kimoja kisichopita vichakani. Ikabidi fundi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja avikate upya vipande hivyo viwe vyembamba. Watu wa kuvibeba walichaguliwa kwa miraba yao, wakatembea wawili wawili wakipokezana, wakapewa ujira mkubwa kuliko wenzao, posho mara mbili, na ruhusa ya kufuatana na wake zao. Baharia yeyote akisoma masharti hayo ataona kwamba hao ndio waliokuwa wafanyakazi wakuu wa boti ile. Lady Alice alikaa mabegani kutoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 hadi Ziwa Viktoria mwishoni mwa Februari 1875; akalizunguka ziwa hilo kwa siku 57, na mwaka uliofuata, kuanzia Juni hadi mwisho wa Julai, akalizunguka Tanganyika kwa siku 51. Ukijumlisha njia yote, siku alizobebwa zinazizidi kwa mbali siku alizoelea katika maziwa hayo mawili.

Kisha kuna kalenda, ambayo kwa kila mwenye tanga ni amri. Ziwa Tanganyika lina msimu wake: kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Septemba, likisukuma mawimbi urefu wote wa ziwa, karibu kilomita 670, na masika huja na tufani za ghafla. Lakini aliyepanga safari kutoka pwani alikuwa na kalenda tatu za kupatanisha. Majahazi ya Uarabuni na Uhindi yaliingia Unguja na kaskazi yakiwa na nguo na shanga. Wanyamwezi walishuka pwani wakati wa kiangazi wakarudi kulima mvua zilipokaribia, na mtu aliyehitaji wapagazi Tabora wakati wa kupanda alijiona akizunguka vijijini na nguo mkononi bila kupata jibu. Kalenda ya tatu ndiyo ya kusi. Katika hizo tatu, ya mkulima wa Unyamwezi ndiyo iliyoshinda, kwa sababu upepo wa ziwa ungeweza kungojwa Ujiji kwa siku chache, na mpagazi aliyekwenda shambani alingojwa mpaka msimu ugeuke. Walioandika kwamba watu wa bara hawakujali wakati hawakuuliza ni wakati wa nani.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni maelezo ya ugumu wa njia, na ugumu wa njia si sawa na uamuzi. Hapo ndipo vita vya Mirambo vinapotusaidia, kwa kuwa vilifanya kile ambacho mwanahistoria hawezi kukifanya mwenyewe: vilifunga njia, tukaona kinachotokea ziwani. Mwaka 1871 ugomvi kati ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe uligeuka vita kamili. Mirambo aliwashinda, akamwua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wao, akachoma moto sehemu ya Tabora, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ikakatika. Mwezi Oktoba mwaka huo Livingstone aliingia Ujiji akitokea Manyema, mgonjwa na fukara. Bidhaa alizotumiwa zilizofika zilikuwa zimekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa, na nyingine zilikuwa zimekwama Unyanyembe. Ziwa lilikuwa mbele yake na mitumbwi ilikuwapo, ila hakuwa na nguo ya kuwalipa wapiga makafi. Safari yake ya majini ilirudi kuwezekana alipotokea Stanley, aliyekuwa ameondoka Kwihara mwezi Septemba akazunguka kusini kuikwepa njia ya Mirambo. Novemba ya mwaka huo huo walipewa mtumbwi na mfanyabiashara wa Ujiji, Said bin Majid, uliochongwa kwa mvule wa Ugoma, wakaenda hadi mdomo wa Ruzizi wakathibitisha kwa macho kwamba mto unaingia ziwani. Jambo ambalo Burton na Speke walilikosa 1858 likamalizwa kwa mtumbwi wa kuazima na nguo zilizopita Tabora.

Kilichofuata ni wazi zaidi. Mwanzoni mwa 1872 Livingstone na Stanley walirudi pamoja Unyanyembe. Stanley akaenda pwani mwezi Machi kumtafutia wapagazi, na Livingstone akabaki Kwihara katika tembe lake hadi tarehe 25 Agosti, karibu nusu mwaka, akiwangojea. Alikuwa na mali, alikuwa na nia, alijua anakokwenda, kusini kuzunguka ziwa hadi nchi ya Bangweulu. Alichokosa ni mabega. Wenye kusoma habari za Livingstone huiruka miezi hiyo kwa sababu hakuna kilichotokea. Kwangu mimi hiyo ndiyo miezi inayoeleza zaidi namna safari za magharibi zilivyokuwa zikiendeshwa: mtu anakaa barazani akihesabu siku, na uamuzi uko Bagamoyo na vijijini Unyamwezi. Wenyeji wa Ujiji walionja hali hiyo kwa njia yao. Said bin Majid mwenyewe alimpoteza mwanawe, Soud, katika vita hivyo, na watu wenye mashua walikuwa na pembe za Manyema wasizoweza kuzifikisha sokoni kwa usalama.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwa Wajiji wenyewe na jirani zao, na ni la haki. Ziwa lilikuwa na vyombo kabla Mwarabu wa kwanza hajaliona. Wagoma wa ng'ambo ya magharibi walichonga mitumbwi mikubwa kwa miti ya mvule, na watu wa pwani za ziwa hilo walisafirisha samaki, mawese, chumvi ya Uvinza na nafaka kutoka kijiji hadi kijiji bila kuiomba Tabora chochote. Nani basi anayesema kwamba safari za majini zilipangwa Tabora? Nakubali pingamizi hilo kwa mitumbwi ya makafi, na nakubali bila kusita: safari hizo zilipangwa na wenye ziwa, na historia yake haijaandikwa ipasavyo. Lakini tanga lilikuja na watu wa pwani. Gogo lilitoka Ugoma. Vitambaa vya kushona tanga, misumari, shoka na keekee za fundi, pamoja na fundi mwenyewe aliyejifunza kazi Unguja au Mrima, vilikuja kwa miguu. Hata kamba: Ujiji ni nchi ya michikichi, na kamba za kumbi ni za nchi ya minazi. Mpelelezi Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji mwanzoni mwa 1874 baada ya kukwama Unyanyembe kwa miezi, alikodi vyombo viwili vya pale pale, akaviita Betsy na Pickle, akaenda navyo kusini akaugundua mlango wa Lukuga unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo. Miaka mitano baadaye Edward Hore, baharia wa kazi aliyekuja na wamisionari wa London Missionary Society, alikwenda Lukuga kwa Calabash, mtumbwi mkubwa wa ziwani aliouvika matanga. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa na mama wawili, msitu wa Ugoma na ghala la Unyanyembe, na mmoja akikosekana hapakuwa na safari ya tanga. Hapa pia panafaa kusemwa bila kuficha kwamba matanga hayo hayakubeba wapelelezi na wamisionari peke yao. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvusha pembe na watumwa kutoka Manyema, kupitia Mtowa hadi Ujiji, na ghala lililotoa nguo ya tanga ndilo lililowapokea watu waliofungwa minyororo upande wa kurudi.

Pingamizi la pili ni la wale walioipita Tabora pembeni. Stanley, na boti yake ile, hakukanyaga Tabora mwaka 1874 wala 1876: alikata kaskazini kupitia Iramba hadi Ziwa Viktoria, kisha akashuka Ujiji kutoka upande wa Karagwe. Je, Lady Alice hakuthibitisha kwamba Tabora haikuwa ya lazima? Angethibitisha, kama Stanley angeweza kuipita Unyamwezi bila ruhusa ya Mnyamwezi. Aprili 1876 alikutana na Mirambo huko Serombo wakachanjiana damu ya udugu, na ndipo njia ya kwenda Ujiji ikawa salama kwake. Aliikwepa Tabora, akamkuta mshindani wake. Na wengine waliojaribu kukwepa, sio mji bali mabega yenyewe, hawakufika mbali. Mwaka 1877 wamisionari wa London walianza na magari ya kukokotwa na ng'ombe, mbung'o wakawaua ng'ombe, mizigo ikarudi vichwani. Hore alipoleta mashua ya chuma, Morning Star, aliivuta kwa vipande juu ya mikokoteni ya kusukumwa na watu kutoka Saadani, akafika Ujiji mwanzoni mwa 1883 na kuishusha majini mwezi Mei. Mikokoteni, ndiyo, lakini mikokoteni haijiendeshi. Wamisionari wa Mapadri Weupe hawakuikwepa hata Tabora: waliondoka Bagamoyo 1878 kama msafara mmoja. Tabora ndiko walikogawanyika, kundi moja likaenda Buganda na jingine likaenda Tanganyika, likaingia Ujiji Januari 1879.

Iko njia moja tu iliyoshinda kweli mpangilio huu kabla ya reli, nayo inanipa haki kwa namna ya ajabu. Wamisionari wa London walipotaka meli ya mvuke, Good News, vipande vyake havikupitishwa Unyanyembe. Vilipelekwa Zambezi, vikapanda Ziwa Nyasa, vikavutwa kwa njia ya nchi kavu hadi ncha ya kusini ya Tanganyika, na chombo kikashushwa majini Machi 1885. Njia hiyo ilikuwa ndefu na ngeni, ikaua watu, ila ilikuwa na faida ya kuwa na maji mengi na nchi kavu kidogo. Wajerumani walifuata njia hiyo hiyo kwa meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliyofika ziwani mwaka 1900, ingawa wakati huo Tabora ilikuwa mikononi mwao tangu waliposhinda boma la Mtemi Isike mwaka 1893. Bila shaka wasingeizunguka nusu ya Afrika kwa kupenda. Walikwenda huko kwa sababu mtambo wa mvuke haukatiki ukawa frasila mbili mbili. Kwa hiyo kipimo cha mpagazi wa Unyamwezi ndicho kilichokuwa kipimo cha vyombo vilivyoweza kuja kwa njia ya kati: mtumbwi wenye tanga, mashua, boti ya vipande vyepesi. Kilichozidi hapo kilitafuta njia nyingine.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya Graf von Goetzen, kikaibomoa, kikaifunga katika masanduku yapatayo 5,000. Yalishushwa Dar es Salaam, yakapakiwa mabehewa, na meli ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaja kuifufua, na mwaka 1927 ikaanza kufanya kazi kwa jina la Liemba. Uzito wake mmoja tu ungeulemea msafara wowote wa wapagazi wa Unyamwezi, na ndiyo maana wapo wanaoanzia hapo historia ya usafiri wa ziwa lile, kana kwamba kabla ya masanduku hayo hapakuwa na kitu. Hukumu yangu ni kwamba wanafuta miaka 60 ya kazi, na wanaifuta kwa sababu kazi yenyewe haikuacha chuma cha kutazamwa. Tabora nayo haikupoteza kazi yake yote. Mwaka 1928 reli ya Mwanza ilianzia hapo hapo, na kwa miaka mingi treni iliyotoka pwani ilivunjwa Tabora: mabehewa ya Kigoma yalifungwa upande wake, ya Mwanza upande wake, na abiria aliyekwenda kupanda meli ziwani alikaa kituoni akingoja, kama walivyongoja wengine, apangiwe safari yake.